Mtu Aliyempeleka Mama Riziki

Riziki alikuja mwenyewe kunipa habari ya mama yake, ingawa nilikuwa nimeshaiona kwenye simu tangu asubuhi. Alisimama kwenye zulia la mlangoni, buti zenye theluji mkononi, msichana wa miaka ishirini na miwili sasa, mrefu kuliko mama yake, na uso ni ule ule. Nilimkumbatia pale pale, baridi ya nje ikiwa bado kwenye koti lake. Alikuwa ameendesha peke yake kutoka Fargo, saa tatu na nusu barabarani, ili aje kuwaambia watu wa kanisa letu la zamani hapa Brooklyn Center, Minnesota, kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi inayofuata. Nilimwekea chai ya tangawizi na chapati iliyobaki. Anakielewa Kiswahili chote, lakini anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, na neno moja moja la nyumbani linamponyoka. Aliimaliza chapati. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Auntie, yule mwanaume alikuwa nani?"

Nikamuuliza mwanaume gani. Akasema kuna mama mmoja wa zamani alimpigia simu kumpa pole mama yake alipolazwa, na katikati ya pole akatia neno: mama yako ni mtu wa Mungu, ni yule mzungu wake wa bunduki tu aliyemharibia jina. Riziki hakujua kama kweli kuna mzungu wa bunduki. Alimuuliza mama yake hospitalini, siku zile za mwisho, na mama yake akacheka mpaka akakohoa, asijibu. "Sasa hayupo tena wa kumuuliza," Riziki akasema. "Wewe ulikuwa rafiki yake. Kama yupo, nataka kujua. Sitakasirika."

Nina miaka arobaini na minne. Nimelea watoto watatu, nimefanya kazi katika nyumba ile ile ya wazee bila kukosa shifti isipokuwa za uzazi, nimesoma Kiingereza na hesabu katika madarasa ya jioni mpaka nikapata cheti, na watu wa kanisa wakitaka mtu wa kufunga na kuomba siku tatu wananipigia mimi. Ukiuliza mtu yeyote hapa atakuambia Mama Eliya hatikisiki. Basi mimi nilikaa mbele ya yule mtoto, nikaongeza chai kwenye kikombe kilichokuwa bado kimejaa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi na Mama Riziki tulikaa jengo moja la apatimenti, mimi juu, yeye chini yangu, na tulijuana tangu kambini Kigoma, ambako tulichota maji kwenye bomba moja. Hapa alifanya kazi ya kufua nguo katika ile nyumba ya wazee nilikokuwa mimi. Alikuwa mjane, na sauti yake ilikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Alipoanza wimbo, hata wale Walutheri wazungu waliotuazima kanisa lao walikuwa wanasimama kwenye korido kusikiliza. Alikuwa mtu wa mzaha. Alimwita mume wangu "bwana harusi" kila alipomkuta ngazini, kwa sababu Baba Eliya alikuwa na suti moja tu, na hiyo suti ilikuwa ya harusi. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo halikuwa mzaha. Mwezi wa saba, siku ile ya fataki za uhuru wa Marekani, nilishuka kumpelekea samaki nikakuta mlango haujafungwa na nyumba haina mtu. Nikaita. Sauti ikatoka chini ya kitanda: "Zima taa, Mama Eliya." Alikuwa amemlalia mtoto, mwili mzima juu yake, na kiganja kwenye mdomo wa mtoto. Riziki alikuwa na miaka saba na alikuwa amejikojolea. Nje watoto wa jirani walikuwa wanashangilia.

Nilifikiri litapita pamoja na fataki. Shule zilipofunguliwa, mwalimu akapiga simu. Puto lilipasuka darasani kwenye sherehe ya mtoto mmoja, na Riziki akaingia chini ya meza, akamvuta na mwenzake, akamziba mdomo. Mimi ndiye niliyeenda kutafsiri. Tuliporudi kwenye gari Mama Riziki hakufunga mkanda. Akasema, "Huyu hajaona vita. Kazaliwa kambini, kaona foleni ya unga tu. Hiki kitu nimempa mimi, Mama Eliya. Nimempa kama mtu anavyompa mtoto mafua."

Pale kazini kulikuwa na nesi mmoja mzungu, mtu mzima, mjane naye, tulimwita Judi. Siku moja kigari cha sahani kilianguka koridoni na Judi akamkuta Mama Riziki chini ya meza ya kukunjia mashuka. Judi alikaa sakafuni karibu naye, na magoti yake yale mabovu, mpaka akatoka. Baadaye chumba cha kula, mimi nikiwa katikati natafsiri, Judi akasema wikendi zake yeye huwa anafundisha watu kulenga shabaha kwa bunduki, watu ambao hawajawahi kushika kabisa. Klabu iko kaskazini, ukishapita Champlin. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Siku ya kwanza nusu nzima ni bunduki tupu juu ya meza. "Mwambie hakuna anayelazimishwa kuigusa," akasema. Nilitafsiri nikicheka, nilijua jibu. Mama Riziki hakucheka. Aliweka kijiko chini akasema, "Muulize wanaanza saa ngapi."

Nilimwambia amerukwa na akili. Nilimwambia tuombe. Akasema, "Tumeomba miaka sita, na tutaomba njiani tukienda. Wewe ndiye mwenye gari." Hakuwa na laiseni. Hakujua Kiingereza cha kutosha kuambiwa weka kidole hapa usiweke hapa. Bila mimi asingekwenda, na hilo tulilijua wote wawili. Basi nikamwambia Baba Eliya kwamba nina shifti za ziada wikendi nzima. Yeye mwenyewe alikuwa bohari moja kule Savage, kazini tangu alfajiri, hakuuliza. Ijumaa jioni tuliwapeleka Eliya na Riziki kwa Mama Wanjiru, Mkenya wa ghorofa ya chini, walale huko. Hata yeye tulimwambia ni shifti. Watoto walikuwa bado wamelala tulipoondoka Jumamosi alfajiri.

Darasa lilikuwa chumba cha mbao chenye jiko la gesi, na harufu ya kahawa ikichanganyika na mafuta ya mashine. Kulikuwa na maandazi ya duara yenye sukari juu, na sufuria ya umeme ya maharage yenye nyama na pilipili ikitokota kwa ajili ya mchana. Tulikuwa kama watu kumi: baba na binti yake, mwalimu mstaafu, mtu na mkewe Wahmong, watu wa asili ya Laos, kutoka Saint Paul ambao walileta wali wao wenyewe, na sisi wawili tumevaa sketi ndefu juu ya suruali. Mama Riziki alinong'ona, "Tumekuja kama wanaokwenda kulima." Bunduki zilikuwa zimepangwa mezani, nyembamba, za risasi ndogo, na kila moja kipande cha plastiki rangi ya chungwa kimechomekwa tumboni kuonyesha haina kitu. Kabla ya kumpa mwenzako, unaifungua, unamwonyesha, na yeye anaangalia kwa macho yake, ndipo anapokea. Kila mara. Hata kama umeiweka chini nusu dakika. Mama Riziki alikaa na mikono mapajani saa nzima. Halafu akaniambia, "Mwambie nataka kuiona tumbo." Judi akaifungua, akaigeuzia mwanga. Mama Riziki akainama, akachungulia muda mrefu, kama mtu anayechungulia kisima. "Ni bomba," akasema. "Mama Eliya, ni bomba tu." Akakaa chini, akaomba andazi.

Mchana tulitoka kwenye uwanja. Kulikuwa na mikeka imetandikwa kwenye mstari, na mbele kule shabaha za karatasi. Mwalimu wa pale alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, akasema sasa tutajifunza kulala kifudifudi. Wengine walishuka taratibu, goti moja, kiwiko kimoja, wakijicheka. Mama Riziki alikuwa ameshalala. Sikumwona akienda chini. Tumbo limebana mkeka, miguu imetanuka, visigino vimelala, shavu chini. Yule mzee akawaita wote watazame, akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, hakuna hata inchi inayotokeza. Nikamwambia Mama Riziki, "Anasema umelala vizuri kuliko wote." Akasema bila kuinua shavu, "Mwambie nilikuwa na walimu wakali." Nikalitafsiri lilivyo. Yule mzee alicheka, kisha akaacha kucheka, akapiga goti akamsogezea kiwiko kidogo, polepole, akimwomba ruhusa kwanza.

Risasi za kwanza za wengine zilipolia Mama Riziki aliniziba mdomo. Mimi, mtu mzima. Mkono wake ulikuja wenyewe. Kisha mtu mmoja kwenye mstari alifanya kosa dogo, na yule mzee akapaza sauti neno moja la kuacha. Kimya. Wote wakafungua bunduki, wakaziweka chini, wakarudi nyuma ya mstari mikono mitupu. Binti, mwalimu mstaafu, wale Wahmong, wote. Mama Riziki aliinuka akakaa kwenye mkeka, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Amesema nini?" akaniuliza. Nikamwambia, amesema acheni. Akaniuliza tena, "Akasema tu?" Nikamwambia ndiyo. "Na wote wakaacha." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta. Hakulia kwa sauti. Alikaa akitazama zile bunduki zimelala kwenye mikeka, akirudia, "Mtu anasema acheni, na watu wanaacha." Mimi sikuwa na la kutafsiri. Judi alikuwa amesimama pale, na nadhani alielewa bila mimi.

Siku hiyo alipiga risasi tano. Jumapili alirudi akapiga arobaini. Judi alimfundisha kwamba mwisho wa pumzi, kabla hujavuta nyingine, kuna nafasi ndogo ambayo mwili umetulia, na ndipo kidole kinabonyeza. Kwa mwimbaji jambo hilo halina ugeni. Alipata nafasi hiyo kila mara, na mashimo kwenye karatasi yake yalikusanyika pamoja kama tembe za dawa kwenye kiganja. Mimi nami nilipiga. Nitasema ukweli wote, maana ndio ninaouandikia: nilipiga, na nilifurahia, na saa ile kanisani wenzangu walikuwa wanaimba. Tulirudi na barabara ya mtoni, miti imeanza kuwa myekundu, madirisha wazi, Mama Riziki akiimba sehemu yake ya kwaya peke yake kwa sauti yote. Sijamwona tena na furaha ile.

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi. Tulikuwa tunafanyia chini ya kanisa, chumba chenye zulia la kijani na harufu ya kahawa ya wenyeji. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mama Shukuru, mwanamke wa kazi, mkali, aliyekuwa anatuchunga kama watoto. Kabla ya maombi akasema, "Jumapili wawili hawakuwepo, na sauti ya kwanza ilianguka kama ukuta. Mama Eliya?"

"Nilikuwa kazini," nikasema.

Hapa Minnesota hilo neno linafunga kila mlango. Sote tuna wikendi za kazi, moja ndiyo moja siyo, hakuna mchungaji anayeweza kulipinga. Nilijua Mama Riziki atasema hilo hilo. Hatukupanga, kwa sababu sikuona cha kupanga. Mama Shukuru akamgeukia. "Na wewe?"

"Nilienda kujifunza kulenga bunduki," Mama Riziki akasema, kama mtu anayesema alienda sokoni.

Mmoja akacheka. Kisha hakuna aliyecheka. Katika chumba kile hapakuwa na mtu ambaye bunduki haikumchukulia mtu. Mama mmoja wa sauti ya pili alianza kulia papo hapo, akamwita Yesu. Mama Shukuru akasema, "Jumapili? Siku ya Bwana? Mwimbaji wetu ameshika kile kitu kilichomuua mume wake?"

"Nilitaka nisikiogope. Kwa ajili ya mtoto."

"Nani alikupeleka? Wewe laiseni huna, na basi haifiki huko."

Mama Riziki akawatazama mmoja mmoja, chumba kizima, akazunguka mpaka mwisho. Mimi hakunitazama. Aliniruka, na kwa kuniruka kule nikajua ananificha. "Alinipeleka mtu anayejua njia," akasema. Wakamuuliza jina. Akasema jina halihusu kwaya. Na mimi nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake, funguo za gari mfukoni mwa sketi, nikageuza ukurasa wa daftari la nyimbo.

Kufikia Ijumaa yule mtu anayejua njia alikuwa mzungu. Kufikia Jumapili alikuwa na pikapu na nyumba ziwani. Nilisikia wakilizungumza chooni kanisani, kwenye foleni ya chakula, kwenye simu ya shemeji yangu kutoka Texas: mjane fulani, mzungu, bunduki, watoto wanaachwa kwa Wakenya. Sikuwahi kusikia uongo ukipewa vitu vingi hivyo kwa upesi. Kwaya ikampumzisha. Ndilo neno lililotumika, kupumzishwa, kana kwamba amechoka. Nilimkimbilia ngazini jioni hiyo nikamwambia nitasema, nitasimama Jumapili niseme. Alikuwa na kapu la nguo. Akaliweka chini.

"Mwezi wa kumi na mbili wanamsimamisha bwana harusi wako," akasema. Ni kweli, Baba Eliya alikuwa anawekwa mikono kuwa shemasi, na kwetu mke wa shemasi lazima awe hana neno juu yake. "Ukisema sasa watamwondoa. Subiri ipite. Mimi maneno nimeyazoea." Akainua kapu. Akapanda ngazi mbili, akageuka. "Lakini usikawie, Mama Eliya."

Siku ya kuwekwa mikono alikuja kwangu asubuhi na mapema. Alitwanga sombe yote, yale majani ya muhogo, akasafisha dagaa wa Tanganyika ambao tulikuwa tumetumiwa na watu, akapiga pasi ile suti, akimtania Baba Eliya kwamba leo bwana harusi anaoa kanisa zima. Wageni walipoanza kupiga hodi, alifunga kitambaa chake akashuka kwake. Nilimwita ale. Akasema ameshaonja mpaka ameshiba. Tulikula juu, watu thelathini, tukacheza, na chini ya miguu yetu alikuwa yeye na Riziki, wanasikia kila hatua. Nilijiambia, Krismasi ipite. Ikapita. Nikajiambia, baridi hii ipungue, watu wana moyo mgumu wakati wa baridi. Niliomba, tena niliomba sana. Sijawahi kuomba kama miezi ile. Sasa najua kwamba nilikuwa naomba ili nisiseme. Mungu ananisikiliza uongo huo miaka yote na bado ananiamsha asubuhi.

Kanisani aliendelea kuja. Alikaa na watoto wadogo, akawafundisha nyimbo, mpaka wazazi wawili wakawahamisha watoto wao. Mwezi wa tatu alipata kazi kiwandani Fargo kupitia binamu yake. Nilimsaidia kubeba magodoro. Paking'i ya magari ilikuwa matope na theluji chafu, Riziki ameshakaa ndani ya gari la binamu. Mama Riziki akanifunga koti langu kifungo cha juu, kama alivyokuwa anafanya kambini, akaniuliza, "Umesema?"

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa, akapanda gari. Hakuniuliza tena maisha yake yote. Kila mwaka mpya alinipigia simu, tukaongea watoto, kazi, magoti. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule alinipigia fataki zikiwa zinalia nyuma yake, nikashtuka, nikamuuliza uko wapi. "Niko nje," akasema. "Tuko nje, Mama Eliya. Riziki anakula nyama choma, ananiambia niache kuongea na simu nitazame juu." Nilifunga mlango wa choo nikakaa sakafuni. Alipata alichokifuata. Alikipata kwa bei ambayo nusu yake ilikuwa yangu, akailipa yote.

Basi nilimwambia Riziki. Nilimwambia hapakuwa na mwanaume, wala pikapu, wala ziwa. Mtu aliyempeleka ni mimi. Nilimwambia mpaka lile jambo la daftari la nyimbo. Alisogeza kikombe pembeni. Halafu akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nilipokuwa darasa la nne niliambiwa mama yangu ana mzungu. Niliambiwa na mtoto wa kanisani, kwenye simu. Nilimchukia mama mwaka mzima." Sikumwomba msamaha pale. Ningeuomba, angenipa, kwa sababu amelelewa vizuri, na ningekuwa nimemnyang'anya tena kitu. Nikamwambia tu, kesho nitasema mbele ya kanisa. Akasema, "Nitakaa mbele."

Baba Eliya aliporudi nikamwambia naye, wakati anafungua viatu. Alibaki na kiatu kimoja. Miaka kumi na tano shemasi, nilitegemea hasira. Akasema, "Ungeniambia ningesubiri mwaka mwingine. Kwani ushemasi ulikuwa unakimbia?" Hakuwa anasema kwa ubaya. Alikuwa anashangaa kweli. Nilitamani angenipigia kelele.

Sasa tuna jengo letu, lililokuwa duka la samani, na skrini mbili, na nusu ya watu ni wa kuja juzi. Wakati wa matangazo niliomba kipaza sauti. Niliwaambia Mama Riziki amefariki, na mazishi ni Jumamosi Fargo. Kisha nikasema yote: wikendi ile, gari langu, shifti ya uongo, kwaya, habari ya mwanaume ambaye hakuwepo. Nilisema, mwanamke yule alisema ukweli akaadhibiwa, mimi nilidanganya nikapewa kiti cha mbele. Sauti haikunikatika. Watu walisema amina, amina ile ya heshima, vijana wakainua macho kutoka kwenye simu zao wakayarudisha. Mchungaji wetu mpya, ambaye hakumjua, aliomba maombi mazuri kwa ajili ya familia ya marehemu. Kwaya ikaimba.

Baada ya ibada nilimfuata Mama Shukuru. Anatembea na kigari cha kushikilia siku hizi, mikono imekunjamana, lakini akili yake ni nzima; anajua siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu. Nilikuwa nimemwogopa miaka kumi na tano. Alinishika mkono kwa upendo. "Umesema vizuri, mwanangu. Lakini huyo Mama Riziki ni yupi? Yule mwembamba aliyeolewa Kanada?"

"Hapana, Mama. Sauti ya kwanza. Yule mliyempumzisha."

Alifikiri, kweli alifikiri, nikaona anatafuta kwa bidii. "Sauti ya kwanza… Alihama kwa ajili ya kazi, si ndiyo? Fargo kuna viwanda." Kisha uso ukang'aa. "Na bunduki, mbona hiyo siku hizi si kitu! Shukuru wangu anawinda. Kila mwaka analeta kulungu mzima, friza yangu haifungiki. Pita kesho nikukatie paja uwapelekee wafiwa."

Nilimwambia asante. Nilitoka mpaka kwenye korido ambako Riziki alikuwa ananisubiri, koti amelishika mkononi, macho mekundu. Alikuwa ametuona kwa mbali kupitia kioo cha mlango, ule mkono ulionishika, yule bibi akitabasamu.

"Huyo ndiye?" akaniuliza. "Ndiye aliyekuwa mwenyekiti? Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba ameomba msamaha. Lilikuwa tayari mdomoni, tamu, lingemsindikiza mpaka Fargo, na hakuna ambaye angekuja kulipinga. Nikamshika mabega yote mawili.

"Hamkumbuki mama yako, mwanangu," nikasema. "Hamkumbuki kabisa."